Kamati ya Kumtafuta Fundi wa Mashine

Sikuwahi kuomba kuwa mjumbe wa kamati yoyote. Niliingizwa kwa sababu kanuni ilisema lazima awepo mwanamke mmoja, na siku ya kuchagua nilikuwa nimekaa mbele, na mimba yangu ilikuwa kubwa kiasi cha kunizuia kujificha nyuma ya wenzangu. Mwenyekiti wa kijiji alininyooshea kidole, mkutano ukapiga makofi, nikawa mjumbe. Kazi yangu, kama nilivyoelezwa, ilikuwa kuwawakilisha akina mama wote na kuangalia chai isipoe.

Kamati yenyewe ilikuwa ya kumtafuta fundi wa mashine ya kusaga. Kijiji chetu kiko upande wa juu wa Karatu, kule mashamba yanakoishia na msitu wa Ngorongoro unakoanzia, na mashine ile ndiyo ilikuwa mali yetu kubwa kupita zote. Ilikuwa injini ya dizeli ya kuwashwa kwa hendeli, imefungwa kwenye sakafu ya saruji ndani ya kibanda cha mabati, na mkanda mrefu uliotoka kwenye injini ndio uliozungusha kinu. Kabla haijaja, mama zetu walisaga kwa jiwe, wamepiga magoti, na magoti yao yalikuwa na sugu hadi wanazikwa. Ilipokuja, mwanamke alipeleka debe lake asubuhi akarudi na unga kabla jua halijawa kali. Sisi tuliokuwa na watoto wa kike tuliona faida nyingine ambayo hakuna aliyeitaja kwenye hotuba za uzinduzi. Mtoto wa kike aliweza kwenda shule kila siku.

Wangu wa kwanza alikuwa darasa la sita. Mwalimu wake wa hesabu alinisimamisha njiani akaniambia huyu mtoto akiachwa asome atakwenda sekondari. Nililibeba neno lile kama yai. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, nikaolewa na mpishi wa hoteli ya watalii kule ukingoni mwa kreta, mtu mwema anayerudi nyumbani mara chache na vipakiti vya jemu mfukoni. Nilitaka binti yangu aende sekondari kuliko nilivyotaka kitu chochote, na sikuona haya kumwambia kila aliyenisikiliza.

Fundi wetu wa kwanza aliondoka baada ya mavuno, akafuata mshahara kwenye shamba kubwa la kahawa. Hatukumlaumu. Kijiji kilikuwa kikimlipa zaidi kwa shukrani. Mashine aliiacha nzima kabisa, na aliahidi kuja kila Jumamosi kutusagia hadi tupate mtu, naye alikuja. Kwa hiyo naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba siku kamati ilipoanza kazi, mashine ilikuwa inasaga.

Sasa, hiyo ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, ambapo nchi haikuwa na kitu. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kibali, na spea za injini zilikuwa hadithi. Ukienda Arusha ukaulizia nozeli, kile kidude kidogo kinachopulizia dizeli ndani ya injini, mwenye duka alicheka kwanza, kisha akakuuliza unatoka wapi, kisha akawaita wenzake waje wakutazame. Kila mwenye injini, kuanzia wasaga nafaka wa huku juu hadi wakulima wa vitunguu kule Mang'ola wanaovuta maji kwa pampu, alikuwa akiishi kwa kuomba Mungu.

Tulikuwa wajumbe wanne: mwenyekiti, katibu wa Chama, mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi, na mimi na tumbo langu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufungua injini. Jambo hilo halikutusumbua hata kidogo.

Katibu ndiye aliyetaja sifa za mwombaji. Awe raia mwema. Awe na barua ya balozi wa nyumba kumi yenye mhuri. Asiwe mlevi. Aelewe siasa. Asiwe na tabia ya kuhamahama. Nilinyoosha mkono nikauliza kama inafaa ajue pia kutengeneza mashine. Wakatazamana.

"Hilo linaeleweka, mama," mwenyekiti akasema.

Kwa kuwa lilieleweka, halikuingizwa.

Hapo ndipo mwalimu mkuu aliposimama. Huyu alikuwa mtu wa mitihani. Alipenda mtihani kama wengine wanavyopenda pombe. Hata timu ya kuvuta kamba aliichagua kwa maswali ya kuandika, na ndiyo maana tulivutwa na kila shule ya tarafa. Mtihani wa darasa la saba aliusimamia kwa soli za mpira, ili watoto wasijue yuko wapi. Akatuambia kwamba usaili wa mdomo hautoshi, lazima kuwe na vitendo.

"Nitalegeza bomba moja la dizeli," alisema. "Mashine haitawaka. Kila mwombaji ataingia peke yake, mlango utafungwa, nami nitasimama nje na kengele. Atakayeiwasha amefaulu."

"Peke yake kabisa, mwalimu?" niliuliza.

"Peke yake, mama. Wakiingia pamoja wataigiziana."

"Na mmoja wetu asikae ndani akamwangalia?"

Alinitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mtoto aliyekosea jedwali la mbili. "Mtahiniwa hasumbuliwi," alisema.

Nikamwambia kwamba mtu ukimfungia ndani peke yake na mali ya watu, atafanya anachotaka. Katibu akasema tusiwe na dhana mbaya juu ya wananchi. Mwenyekiti akauliza kama chai ipo. Asiyejua maana haambiwi maana. Nikaenda kumimina chai.

Tangazo tulilipeleka kwa mdomo, kupitia madereva wa malori ya vitunguu. Sifa zote zilitajwa, na utaratibu wa mtihani pia, kwa sababu mwalimu mkuu aliutaka ujulikane mapema ili mtu asije akalalamika kuwa hakujiandaa. Habari ikashuka Mang'ola, ikaenda Mbulu, ikafika Arusha, kwamba kuna kijiji juu ya Karatu kinawafungia mafundi chumbani na injini nzima, mmoja mmoja, na nje kuna mwalimu anazuia mtu asiingie. Leo nikikumbuka nashangaa kwamba walikuja wanne tu.

Usaili wa mdomo ulifanyika darasani. Wa kwanza alikuwa kijana wa Mang'ola, mwenye mikono mikubwa na uso wa kucheka, aliyekuwa akihudumia pampu kwenye mashamba ya vitunguu. Katibu akamuuliza adui wa maendeleo ni nani.

"Dizeli, ndugu katibu," alijibu. "Haipatikani."

Katibu akanuna. Kijana akauliza kama kijiji kina spea za akiba, na kama mashine ikifa tutazipata wapi. Mwenyekiti akamwambia maswali yanatoka upande huu wa meza. Barua ya balozi alikuwa nayo, ila haikuwa na mhuri, maana balozi wake alikuwa ameupoteza mtoni. Nikaona kwenye nyuso za wenzangu kwamba huyu ameshakwisha.

Wa pili alitoka Arusha, amevaa ovaroli safi na miwani ya jua ndani ya nyumba. Alizungumzia siasa hadi katibu akaanza kujifunza kwake. Wa tatu alikuwa mtu wa Singida, mwembamba kama mwiko, mwenye koti refu, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya walowezi tangu ujana wake. Alijibu kila swali kwa "ndiyo, mzee", hata lile la jina la mama yake. Wa nne alikuwa wa hapa hapa kijijini, mpwa wa mke wa mwenyekiti. Alivaa tai. Alikuwa na barua ya balozi, barua ya parokia na barua ya mwenyekiti mwenyewe, ambayo mwenyekiti aliipokea, akaisoma kwa makini kana kwamba haijui, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kuhusu uzoefu, alisema amekaa na matrekta muda mrefu. Baadaye tulijua kwamba alikuwa mlinzi wa geti mahali matrekta yalikolala.

Halafu tukateremka kwenye kibanda. Akina mama wengi walikuwa wamekaa nje na mahindi yao, wakisubiri mtihani uishe wasagiwe.

Kijana wa Mang'ola akaingia, mlango ukafungwa. Hatukukaa sana, tukasikia injini ikikohoa, kisha ikanguruma vizuri, ule mngurumo tuliouzoea. Akina mama wakapiga vigelegele, wengine wakaanza kunyanyua madebe. Mwalimu mkuu akagonga mlango kwa furaha.

"Vizuri sana," akasema kwa sauti. "Sasa izime, na urudishe kosa lilivyokuwa, ili wenzako wapate mtihani uleule."

"Nibaki ndani, mwalimu?" kijana aliuliza kutoka ndani.

"Baki. Usifanye haraka."

Hakufanya haraka. Alipotoka alitupungia sote mkono, akaniamkia kwa heshima, akaondoka na mfuko wake wa vyombo begani.

Yule wa Arusha akaingia. Hapo injini haikukohoa hata kidogo. Akakaa humo muda wake wote, tukisikia spana zikigonga chuma kwa bidii kubwa, mwalimu mkuu akitikisa kichwa kwa kusifu juhudi. Akatoka anajifuta jasho, akasema mashine ina tatizo la kitaalamu linalohitaji kufikiriwa Arusha. Mfuko wake aliubeba kwa mikono miwili. Mtu wa Singida naye akaingia, akatoka kimya, na mama mmoja jirani yangu akaninong'oneza kwamba maisha ya humo ndani yanaonekana ni mazuri, maana yule mzee ameingia mwembamba na ametoka mnene. Tukacheka. Baadaye ndipo tulipojua kwamba alikuwa ameufunga mkanda wa mashine kiunoni chini ya koti, mkanda wote, mizunguko kadhaa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nadhani hata wao hawakutegemea mkanda wa mashine.

Wa mwisho akaingia yule wa tai. Alitoka jinsi alivyoingia, mikono safi. Alichofanya ni kuifuta injini kwa kitambaa. Mwalimu mkuu akamuuliza kosa liko wapi, akajibu kwa unyenyekevu kwamba yeye hakupenda kugusagusa vitu vya kijiji bila idhini.

Kamati ikakaa. Kwa vitendo, aliyewasha ni mmoja tu, yule wa Mang'ola, lakini barua yake haikuwa na mhuri na alikuwa na maswali mengi. Yule wa Arusha alionekana msomi mno, atatukimbia. Wa Singida hatukujua mama yake ni nani. Mwenyekiti akasema hataki kusema lolote kwa sababu mmoja wa waombaji ana undugu naye kwa mbali, na kwa kutosema lolote akamtazama kila mmoja wetu kwa zamu. Mpwa akapata kazi. Mimi nilikataa, nikasema mtu hawezi kupewa mashine kwa sababu ya tai. Katibu akasema maoni ya akina mama yamesikika. Tukapiga kura, nikashindwa tatu kwa moja.

Tukawaambia akina mama waje kesho. Kesho yake wakaja, na fundi mpya akaja na tai yake. Akashika hendeli, akazungusha, akatabasamu, akazungusha tena. Ndipo mmoja wa akina mama akauliza mkanda uko wapi. Tukasogea wote. Mkanda haukuwepo. Pampu ya dizeli haikuwepo. Mahali pa nozeli palikuwa na tundu jeusi. Injini iling'aa vizuri, lazima niseme, maana ilikuwa imefutwa.

Askari aliitwa kutoka Karatu. Akauliza wakati wa mtihani nani alikuwa ndani akiwaangalia waombaji.

"Hakuna," mwalimu mkuu alijibu, na alijibu kwa fahari. "Tulihakikisha hakuna."

Askari alifunga kitabu chake akaomba maji ya kunywa. Siku chache baadaye katibu aliitisha mkutano mkubwa akatangaza kwamba kijiji kimehujumiwa na maadui wa uchumi, na kwamba katika watu wote walioingia mle ndani, mmoja tu ameonyesha uaminifu, naye ni fundi wetu. Tukaambiwa tumpigie makofi. Hata mimi nakubali kwamba hakuiba kitu. Hakujua kufungua nati.

Mtu anaweza kucheka hadi hapa. Mimi nilicheka hadi hapa. Lakini unga hauliwi kwa kicheko, na mashine nyingine ya karibu ilikuwa Karatu mjini, mwendo wa kuteremka na debe kichwani na kupanda nalo tena, na mashine hiyo haikujali Jumamosi wala Jumapili. Ilisaga siku ikipata dizeli. Habari ikija kwamba dizeli imefika, unaondoka alfajiri siku hiyohiyo, au unakosa. Mwezi ule nikajifungua kwa kupasuliwa, na daktari akanikataza kubeba mzigo. Mume wangu alikuwa Ngorongoro akiwapikia Wazungu mayai. Nani aende? Alikwenda binti yangu. Hata nilipopona tulibadilishana, leo mimi na mtoto mchanga mgongoni, kesho yeye. Wenzake wengi wa kike walikuwa hivyohivyo. Wavulana waliendelea kuwahi namba ya asubuhi shuleni.

Na shuleni getini nani alikuwa akisubiri wachelewaji na fimbo? Mwalimu mkuu wetu, yule wa kengele. Aliwachapa mabinti mikononi, mmoja baada ya mwingine, unga ungali kwenye nywele zao, akiwaambia kwamba mtihani wa darasa la saba hauna mchezo. Binti yangu alifika nyumbani hawezi kushika kalamu. Nilikwenda shuleni nikiwa nimefura, nikamwambia mbele ya walimu wenzake kwamba mtoto huyu amechelewa kwa sababu ya mtihani wake yeye, siyo wa serikali.

"Mama," alisema, "utaratibu ni utaratibu. Na nyumbani upangieni muda."

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, na sijui kama kuna kilio kibaya kuliko hicho.

Binti alipoingia darasa la saba, mvua za mwanzo zilipokatika, nilipanda lori la vitunguu kwenda Mang'ola kubadilisha maharage. Nikiwa natembea kwenye mifereji kati ya mashamba, nikasikia pampu inavuta maji, imara kabisa, na pembeni yake amekaa kijana mwenye mikono mikubwa anakula muhogo. Alisimama haraka akanipa nafasi kwenye gogo.

"Shikamoo, mama wa kamati."

Sikuitikia. Nilimuuliza kama hiyo ndiyo nozeli yetu. Akasema ndiyo, na akanionyesha mahali ilipokaa, kama mtu anayekuonyesha mtoto wako alivyokua.

"Mama, mimi sikuja kutafuta kazi," alisema. "Mwaka mzima nilikuwa natafuta hiyo kitu. Mashamba ya watu yalikuwa yanakauka. Nikasikia tangazo lenu, nikadhani ni utani. Halafu mwalimu ananiambia baki ndani, usifanye haraka. Ningefanyaje?"

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, kikaniishia, nikamalizia kwa Kiiraqw chetu cha nyumbani. Nikamweleza kuhusu debe, na alfajiri, na mikono ya binti yangu. Aliacha kutafuna. Kisha akasema kwamba mavuno ya vitunguu yanamalizika karibuni, na mwenye pampu ameahidiwa nozeli na mfanyabiashara mmoja. Akasema atairudisha ile. Akasema pampu yetu ya dizeli anajua iko kwa nani Arusha, na mkanda pia, kwa sababu mafundi wanajuana, na akizungumza nao anaweza kuvirudisha. Na kama kijiji kinamtaka, atakuja kuifunga mashine na kubaki nayo.

"Lakini safari hii msinifungie mlango," aliniambia. "Mimi pia ni mtu."

Nilirudi kwenye lori juu ya magunia, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nilipozaa. Nilihesabu kwa kichwa changu: vitunguu vitolewe, kijana aje, mashine iwake, binti yangu abakiwe na miezi kadhaa kabla ya mtihani, miezi ya kulala, kuamka na kwenda shule tu kama mtoto wa mtu mwingine yeyote. Nilitaka kuimba, ila dereva alikuwa mtu wa dini.

Kamati ilikaa kwa ombi langu. Niliwaeleza yote. Katibu alisema kijiji hakiwezi kumwajiri mhujumu. Nikasema basi tusimwajiri, arudishe tu vitu na kuvifunga. Mwenyekiti akasema akivifunga itabidi awepo wa kuviendesha, na wa kuviendesha yupo.

"Yupo, lakini hajui," nilisema.

"Anajifunza," mwenyekiti alisema.

"Kwa mashine isiyo na kitu?"

Mwalimu mkuu akakohoa. Akasema kwamba kwa maoni yake kama mtaalamu, kumpokea mtu aliyefeli usaili wa mdomo ni kuvunja heshima ya mtihani, na kwamba nafasi imeshajazwa. Wote wakaafiki kwamba nafasi imeshajazwa. Nikawaambia hiyo si nafasi, hilo ni tundu jeusi, na mmelijaza kwa tai. Niliombwa kufuta kauli. Sikufuta, nikafutwa mimi kwenye kamati, na huo ndio uamuzi pekee wa maana walioufanya. Nilimtumia kijana ujumbe kwa dereva wa lori kwamba asije, watamkamata. Alirudisha jibu kwamba anasikitika, pamoja na mtungo wa vitunguu.

Mtihani ulifanyika. Binti yangu alikwenda Karatu na debe mara mbili katika wiki ya mwisho. Majina yalipotoka, kutoka shule yetu walichaguliwa wavulana wawili. Yeye hakuchaguliwa. Alikosa kwa kidogo sana, mwalimu wa hesabu alisema, na alisema hivyo akitazama chini. Binti hakulia mbele yangu. Mimi nililia mbele yake.

Fundi wetu aliendelea na kazi. Kila asubuhi alifungua kibanda, akafuta injini, akafagia, akakaa mlangoni na tai, akatuamkia vizuri sisi tunaopita na madebe kwenda Karatu. Mshahara wake ulitoka kila mwezi kwenye mfuko wa kijiji. Sijawahi kumsikia akisema uongo wala neno baya kwa mtu.

Haukupita hata mwaka tangu binti yangu avue sare ya shule. Mume wangu alikuwa nyumbani likizo. Wakaja wageni wawili, wamevaa makoti: mwenyekiti na mwalimu mkuu. Mume wangu, ambaye maisha yake ni kukaribisha watu, aliwapa viti na kuniomba chai. Kwa kujikohoza kwao nikajua kabla hawajafungua kinywa. Walikuja kumposea fundi.

Mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa msemaji. Alianza kwa kumsifu kijana. Mwaminifu, historia yake inajulikana. Ana ajira ya kudumu, ni fundi wa mashine. Mume wangu akauliza kwa upole kama ni ile mashine isiyosaga. Mwenyekiti akasema taratibu za kuifufua zinaendelea. Kisha mwalimu mkuu akageukia upande wa binti, na sauti yake ikawa tamu.

"Hatukuja kwa kubahatisha," alisema. "Tumemchunguza binti yenu kwa muda mrefu. Ni mchapakazi. Anaamka kabla ya jogoo. Amebeba debe hadi Karatu na kurudi, jua na mvua, na hatujapata kusikia akilalamika. Mabinti wa namna hii siku hizi ni wachache. Tulikuwa tunamwona akipita."

Binti yangu alikuwa ameingia na sinia la vikombe. Alimpa mwenyekiti, akampa baba yake, akampa mwalimu mkuu kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo, kama alivyofunzwa.

"Mwalimu," alisema taratibu, "siku hizo ndizo ulizokuwa ukinichapa."

Mwenyekiti alitazama dari. Mume wangu alinitazama mimi. Mwalimu mkuu akapuliza chai yake, akanywa, akasema yale yalikuwa mambo ya shule, na haya ni mambo ya nyumbani, tusiyachanganye. Akanywa hadi ikaisha, akaninyooshea kikombe nimwongezee.

Nilimwambia chai imekwisha. Birika lilikuwa katikati yetu, limejaa, linatoa mvuke.